Siku Zenye Duara

Mama Namalwa aliingia saiba yangu hapa Bungoma saa nne,
gambuti zina tope la Kimilili,
akaweka mezani risiti za miwa zilizofungwa kwa mpira,
akasema: Waliandika. Mimi niliona waliandika.

Nikafungua ukurasa wa kiwanda. Mpya, unang'aa:
binti anacheka na glasi ya juisi,
"Tunakua Pamoja", na nambari ya simu isiyoshikwa.
La malipo, hakuna.

Basi nikamwambia kuna ghala,
si la mahindi, wala ufunguo wake hauko kwa chifu.
Mashine hupita kwenye kurasa za watu kimyakimya
kama mpiga picha asiyedai senti:
inapiga, inaweka, inaenda zake.
Ukifuta leo, jana yako iko kwake.

Nikaandika anwani. Ikaja kalenda,
miaka imejipanga, na siku chache zenye duara la buluu
kama ile tarehe nesi huzungushia kalamu kwenye kadi ya kliniki.

Nikabonyeza ya mwezi wa nane, mwaka ule wa mvua ya mawe.
Ukurasa ukaja polepole, umechakaa,
herufi zimekaa ovyo kama viti vya kukodi asubuhi ya baada ya matanga,
lakini maneno yalikuwapo:
Mkulima atalipwa ndani ya siku thelathini baada ya kuvuna.

"Si nilisema." Hakupaza sauti.
Nikahesabu. Siku elfu mbili na kitu.

Chini yake, picha.
Ilishuka nusu, ikagoma:
kofia, paji, macho yaliyokunjwa na jua,
miwa nyuma yake imempita kimo.
Kisha kijivu. Ghala halikuokoa mdomo.

"Huyo ni Wangwe," akasema.
"Walimpiga picha wakampa soda. Alikuwa anacheka."

Nikajaribu duara lingine, na lingine.
Macho, kijivu. Macho, kijivu.
Stima ikapepesa; tukashika pumzi sisi wawili.

Ile ahadi nilichapa nakala tatu:
ya wakili, ya chama, ya chini ya godoro.
Picha aliitaka ya rangi. Nilikataa pesa,
akaziacha juu ya kibodi, sarafu tatu za kumi.

Mlangoni aliiinua kwenye mwanga,
akaweka kidole pale penye kijivu.
"Hapa," akasema, "palikuwa na pengo la jino.
Iambie hiyo ghala yako."