Behewa la Mwisho

Nilijua kuhesabu kabla ya kujua shule,
nimeketi juu ya debe nyuma ya nyumba yetu Makongeni,
miguu haifiki chini.
Moja, tangi. Mbili, tangi. Tatu, tangi linalovuja.
Kisha mabehewa ya ng'ombe, harufu yake ikiingia mpaka kwenye ugali,
pembe zikichungulia katika nyufa za mbao.
Kisha yale ya mahindi kutoka Kitale,
na shomoro nyuma yake, kama wadeni wanavyofuatwa.

Honi ikilia upande wa Makadara
mama alitoka mbio kuanua shuka,
akiitukana injini kwa Kijaluo, polepole,
kama mtu anayemwita mwanawe aje kula.
Vikombe vya bati vilitupa habari kabatini:
vikigongana haraka, treni tupu;
vikinung'unika, imejaa.

Na kila jioni ugomvi na Wasonga, kaka yangu.
"Arobaini na moja."
"Arobaini na mbili!"
Kisa ni lile la mwisho, behewa la gadi,
kibanda chekundu chenye bomba la jiko.
"Lile halina mzigo," alisema. "Mzigo ni saruji. Mzigo ni chai."

Lakini ndani yake alikuwa baba,
na bendera zake mbili na sufuria ya maharagwe,
akipita hatua ishirini kutoka mlangoni pake
bila ruhusa ya kushuka.
Aliinua taa, akaishusha.
Huko ndiko kulikuwa kututakia usiku mwema.
Siku moja aliturushia kabeji ya Limuru;
ilipasuka kwenye mataruma,
tukaila siku tatu pamoja na kokoto zake.

Ndururu tuliyoilaza relini ninayo bado,
bapa kama ulimi wa paka, hesabu yake imefutika.

Niliolewa na mwalimu asiyependa kelele.
Nyumba niliichagua mimi.
Hakujua dirisha linatazama wapi
mpaka usiku wa kwanza, saa nane na robo,
kitanda kilipotembea.
Nimepanda ndege mara nne. Sikumbuki hata kiti.

Siku hizi naenda Syokimau kwa fimbo,
nasimama penye uzio, mlinzi ameshanizoea.
Treni mpya ni ndefu, makontena yamebebana mgongoni,
haitikisi kikombe cha mtu.
Nyuma hamna kibanda.
Kuna kijitaa tu kinachopepesa,
hakimjui yeyote.

Nampigia Wasonga, yuko Kisumu, miguu imemkataa.
"Ngapi?" Salamu hana.
"Hamsini na nne."
Kimya. Nasikia redio yake, nasikia kuku wa jirani yake.
Kisha, kama mtu anayelipa deni la miaka sitini
kwa sarafu ndogo ndogo:
"Ongeza moja."