Luku ya Vyumba Sita

Saa nane usiku, Buguruni, luku ikalia mara tatu
ikanyamaza.
Feni ikazunguka kwa mazoea, kisha nayo ikakubali.

Tuna vyumba sita na mita moja,
na friji moja, la Bi Sikudhani,
lenye barafu za kuuza, vibua vya Tumsifu,
na chupa mbili ndogo za insulini
zilizovishwa soksi ya mtoto.
Mimi ndiye mshika daftari la umeme.
Najua nani kalipa, nani kaapa kulipa.

Tukatoka koridoni na tochi za simu.
Tumsifu akaanza kulikemea giza kwa jina la Yesu,
khanga kifuani, kiganja juu ya mita
kama mtu anayepima homa.
Bi Sikudhani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema taratibu:
"Mwanangu, mita haina jini. Ina deni."

Erasto wa chumba cha nne, yule wa maabara,
anayeshinda akitazama damu za watu
wala haoni ipi ya Ijumaa, ipi ya Jumapili,
alikuwa akitafuta salio.
"Hakuna mtu huko juu," alisema, bila ubishi,
kama anayesema sukari imeisha.
"Nimetazama. Ningemwona, ningewaambia."

Bi Sikudhani hakukasirika. Alisafisha koo:

    Umeme umo nyayani, nani kauona njia?
    Roho imo kifuani, nani kashika mkia?
    Erasto wa darubini, chembe huzihesabia,
    Alozimwaga mwilini, jina hukulisikia?

Erasto akapapasa gizani akitafuta kina,
midomo ikicheza, akakikosa.
"Bibi, mie huhesabu chembe, mizani sijui.
Lakini umeme una mita. Mita yake Yeye iko wapi?"

"Ndiyo mimi," akasema. "Inasoma kushuka."

Hapo hakucheka mtu.

Tumsifu akataka kumwombea apone papo hapo,
azitupe zile chupa kwa imani.
Nikausikia mdomo wangu: "Tumsifu, omba. Chupa usiguse."
Nikaona haya, sijui mbele ya nani.
Baba yangu alizikwa kwa sanda, mama kwa jeneza;
katikati yao nilijifunza kunyamaza kwa lugha mbili.
Nilipokuwa na miaka tisa niliomba mdogo wangu arudi kutoka wodini.
Hakurudi. Wakasema ni mapenzi Yake.
Nikauliza mapenzi gani hayo, nikapigwa kofi,
na kofi lile, mpaka leo,
ndilo jibu refu kuliko yote niliyowahi kupewa.

Tokeni ikaingia kwenye simu ya Erasto.
Tarakimu ishirini. Yeye anasoma, mimi nabonyeza,
Tumsifu ananong'ona, Bi Sikudhani anavuta tasbihi,
na kwa dakika ile masikio yangu
hayakujua ipi namba, ipi dua.

Imekataa.

Kidole changu kiliweka sita mahali pa tisa.
Tukaanza upya.

Taa. Macho yakauma.
"Alhamdulillahi."
"Bwana asifiwe."
Erasto alishageuka, malapa yakiburuza sakafu.
"We kafiri wangu," Bi Sikudhani akamwita,
"elfu tano yako nitakupa Jumamosi."
"Usinipe."
"Basi nitakuombea."
"Hilo siwezi kukuzuia, bibi."

Nimerudi kitandani. Friji linanguruma nyuma ya ukuta.
Daftarini nimeandika: Erasto, elfu tano, kalipa.
Chini yake nimeacha mstari mmoja mtupu,
nimeushikia kalamu hadi adhana ya alfajiri,
sijui niandike jina la nani,
wala kama ndiye anayedai
au ndiye anayedaiwa.