Punje

Mke wangu huuliza kwa nini hatufugi kuku.
Namwambia: harufu.
Namwambia: ngawa.
Miaka kumi na moja ya ndoa, na mayai twanunua
kwa Bi Raya wa nyumba ya pili, ambaye
kila alfajiri hutoka na kikombe cha mtama
akaita, ko-ko-ko-ko,
na mimi, mtu mzima, fundi wa umeme,
nashika ukingo wa kitanda
nikingoja kitu kinipige shavuni.

Naitwa Kombo.
Ukitaka kujua jina hilo lina milango mingapi
muulize mtoto wa miaka minane,
darasa la pili, skuli yetu ya Konde,
siku mwalimu mgeni alipotaka kila mmoja
asimame ataje lake.
Ko, nikasema.
Ko-ko.
Ko-ko-ko.
Wa nyuma akanimalizia: kooo! Keshataga!
Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye
alijiziba mdomo kwa daftari la mahudhurio,
lakini niliyaona mabega yake.

Kesho yake, punje ya kwanza.
Sleyum ndiye aliyeirusha, ya mahindi, kavu,
ikanigonga hapa, chini ya jicho.
"Dona, Tetea!"
Keshokutwa walikuja mifuko imejaa.
Punje ndani ya kofia, punje
ndani ya mkebe wa kalamu, punje
ndani ya mkate niliofungiwa na mama.
Waliniuliza nimeatamia mangapi.
Nyumbani niliulizwa mahindi haya mfukoni ya nini,
nikasema nimeokota, nikasifiwa:
mtoto asiyetupa riziki.

Chuoni ndiko nilikopumua.
Nikisoma kwa mahadhi pamoja na wenzangu, ulimi
ulipita kama sindano kwenye kitambaa cha kanzu,
bila fundo.
Nao wakanisikia.
Kumbe anajua kusema! Kumbe hujifanya!
Basi nikawa nasoma moyoni.
Msimu wa karafuu, skuli imefungwa,
juu ya mti peke yangu, mkono mmoja tawini,
nilijaribu: Ko.
Hakuna jani lililocheka.
Nikashuka bila kumaliza.

Leo naishi kwa kuzizunguka herufi.
Nataka kahawa, naagiza chai.
Simu ikilia naikata, kisha naandika.
Nilipewa usimamizi, una mikutano,
nikaukataa, nikasingizia mgongo.
Binti yetu mama yake alitaka Kauthar.
Mimi nikashikilia Asya, nikashikilia kama mwenye hoja.

Sleyum ana duka la rangi Wete.
Hunipunguzia bei. Juzi alinishika bega:
"Unakumbuka tulivyokuwa tukicheka?"
Tu.
Herufi mbili. Nimekwenda nazo nyumbani,
nimezigeuza kitandani hadi saa nane za usiku.
Nani alinitia humo?
Sikuwamo. Nilikuwa chini, naokota.

Mwezi uliopita kifua kilinibana juu ya nguzo,
mikono ikafa ganzi, wakaniteremsha kwa kamba.
Daktari akapima, akasema moyo wangu mzima.
Akaniandikia karatasi: mlango wa mwisho,
ukishapita kliniki ya macho.
Mara tatu nimefika pale
nikakaa foleni ya macho.

Leo nimeingia.
Muuguzi, mtoto wa juzi, kalamu mkononi:
"Jina?"
Ko, nimesema.
Nimeyatazama mabega yake.
Ko-ko.
Hakunimalizia.
Ameweka kalamu chini.
Feni inazunguka, nje mtu anaburuta kiti,
naye bado anangoja, kama hana pengine pa kwenda,
na mimi bado nimo
kwenye mlango wa pili wa jina langu.