Futa, Ingia, Lipa, Sajili

Dundee, saa tisa usiku. Mvua inakuja kwa ubavu.
Kivinjari kinajiendesha chenyewe,
kishale kinatembea bila mkono wa mtu.

Majaribio manne niliyapa majina ya kwetu
niyatambue hata kwa usingizi:
Sajili, Ingia, Lipa, Futa.
Mteja wa bandia nikamwita Zawena.
Kazi yake ni kuzaliwa, kununua koti moja la mvua,
na kuondoka bila kuacha alama.

Lakini mashine haijui hadithi. Inajua alfabeti.
Ikaanza na Futa:
likamtafuta Zawena limzike, naye hajazaliwa.
Likaja Ingia, likabisha hodi kwa jina lisilo na mwenyewe.
Lipa likasimama kaunta na kapu tupu.
Mwisho Sajili, la kijani peke yake,
likamleta Zawena duniani duka likifungwa.
Kutangulia si kufika.

Nikayatia namba, moja hadi nne,
kama watoto mstarini asubuhi.
Yakaenda siku mbili.
Ya tatu, mtandao ukakohoa sekunde moja,
Sajili likateleza,
na yote nyuma yake chini, pu!
Nikaandika tena: wa mbele akianguka, usianguke naye;
jiite limerukwa, usijiite limeshindwa.

Eilidh, makombo ya tosti juu ya kibodi, akasema:
"Kila moja lije na Zawena wake. Lisimngoje mwenzake."
Nikacheka. Rahisi kwake,
aliyezaliwa hapo Broughty Ferry.

Mimi mwaka wa kwanza benki ilitaka anwani,
mwenye nyumba akataka benki,
mwajiri akazitaka zote mbili kufikia Ijumaa.
Alfabeti ingesema anwani kwanza, benki baadaye;
laiti mwenye nyumba angeisoma.
Nilizunguka na bahasha yangu ya plastiki
hadi Bi Petrie wa duka la samaki
akaifuta mikono, akaandika barua
kwamba nalala chumba chake cha nyuma,
kabla sijalala humo hata usiku mmoja.

Sasa juu ya kila jaribio kuna mstari mfupi
unaomweka Zawena tayari, na koti kapuni.
Nimeuita Petrie. Eilidh hajauliza.

Saa kumi na moja. Manne, yote kijani.
Lipi lilitangulia, sikuangalia.