Je, Ulikusudia?

Saa nane usiku, Mabela, mwezi wa nane,
kiyoyozi kimeanza kulia chumbani kwa watoto:
tone, tone, juu ya begi la shule la Asila.
Nimetega sufuria ya biriani. Imejaa mara mbili.

Nikaandika kwenye simu, kwa Kiswahili cha nyumbani,
kile wazee walichokuja nacho kutoka Unguja
kimekunjwa kati ya nguo:
kiyoyozi kinavuja maji ndani, nifanyeje.
Ikanijibu kwa adabu ya karani asiyetaka kunyanyuka kitini:
Je, ulikusudia "kiyoyozi kipya"?

Sikukusudia.

Nikaandika kwa Kiarabu. Nikaandika kwa Kiingereza.
Tangazo. Tangazo. Hoteli ya Salala
yenye ukungu na punguzo la asilimia thelathini,
maana inajua nina joto, haijui nina maji.
Halafu ukurasa unaoanza hivi:
"Kiyoyozi ni kifaa muhimu katika maisha ya binadamu."
Aya kumi na mbili, bisibisi hakuna hata moja,
na aliyeandika hajawahi kutoka jasho,
kama yupo aliyeandika.
Nikafungua wa pili: sentensi zile zile, kanzu nyingine.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
alikuwa akisema mama, kila muuza manukato alipogonga mlango wetu Ruwi.
Siku hizi chema hakijiuzi, mama.
Kimefukiwa ukurasa wa tisa,
na nani atafika ukurasa wa tisa
sufuria ikifurika?

Nakumbuka mwaka nilioolewa. Niliuliza
namna ya kutoa doa la zafarani kwenye hariri,
na jibu la kwanza likawa jibu.
Mwanamke fulani, sijui wa wapi, alisema:
maji baridi, kwanza maji baridi, usisugue.
Nguo ninayo mpaka leo.

Asubuhi nikampigia Shinuna, binti wa shangazi,
anayepanga vitabu maktaba ya chuo, Al Khudh.
Akacheka. "Bado unauliza pale?
Pale unaulizwa wewe."
Akanitumia mtambo mwingine wa kutafutia,
mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana,
riali mbili kwa mwezi.
Nikanung'unika: riali mbili, za kuuliza tu!
Lakini kule kwa bure nilikuwa nikilipa nini?

Si pepo. Mara ya kwanza uliniletea viyoyozi vya meli.
Mara ya pili, ukurasa wa mtu wa Sohari,
wa miaka kumi na mitatu nyuma, herufi za kijani,
picha moja imetikisika,
kidole gumba chenye plasta kinaelekeza mrija:
"Huziba hapa. Zima umeme.
Puliza kwa pampu ya baiskeli.
Simama pembeni."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame; mimi nilipanda ngazi.
Nikapuliza. Sikusimama pembeni.
Ute mweusi, vumbi la miaka mitatu,
bawa la nzige, vyote kwenye deraa langu.
Kisha kimya.
Kisha nje, ukutani, maji yakaanza kudondokea
mrehani wa mama mkwe.

Nilitaka kumshukuru yule wa plasta.
Hakuacha jina wala anwani, kaacha kidole tu.
Basi jioni, watoto wamelala, nikaandika kwa Kiswahili mistari minne,
bila kueleza kiyoyozi ni nini.
Aina ya mashine. Mrija uko wapi. Pampu ya baiskeli.
Simama pembeni, nasema kweli.
Shinuna kanionyesha pa kuiweka.

Labda usiku huu yupo mtu, Barka au Ibra,
sufuria mkononi,
anaandika kama tunavyosema nyumbani,
na mashine inamkatiza: Je, ulikusudia...

Alikusudia alichosema.