Mita Mia Nne, Igawilo

Nimeng'oa keria, vioo, hata kiti cha abiria.
Asajile kaniazima helmeti isiyo na kioo;
inanuka jasho la mtu mwingine.
Ukungu umelalia viazi bado.
Lami mpya, haijakanyagwa na lori.

"Tega sikio. Leso ikianguka, ondoka."
Leso ina sauti gani, nikawaza,
na tayari ilikuwa chini.

Klachi ikanitoka kama mlango uliopigwa na upepo.
Gurudumu la mbele likanyanyuka, likayumba, likarudi.
Miaka sita nabeba magunia ya Isyonje:
sikujua pikipiki hii ni nyepesi hivi,
sikujua na mimi.
Gia ya pili. Ya tatu.
Machozi ya baridi yakakimbilia masikioni.
Hakuna aliyenigonga bega, kaka, polepole.
Hakuna wa kushuka.

Ambwene alinipita kwa urefu wa trela.
Walicheka; nikacheka nao, meno yakigongana.

Narudi taratibu, injini inanuka moto.
Mama mwenye ndoo ya parachichi ananipungia:
"Mpaka Uyole shilingi ngapi?"
Nageuza pikipiki aone nyuma,
vyuma vitupu na boliti nne.

"Leo sipakii, mama."