Kimoja Kikichelewa

Saa nane usiku, Dundee. Mvua ya hapa hainyeshi,
inasimama hewani tu, kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu.
Nimo chumba cha hadubini, ghorofa ya tatu, skuli ya tiba,
taa nimezima, viatu nimevua,
kwani Bi Elspeth alishanionya: hapa hata unyayo unatikisa picha.

Bi Elspeth Geddes. Miaka thelathini na moja katika idara hii,
udaktari hana, funguo zote anazo.
Maprofesa walinipa makala nisome;
yeye alinipa glavu, spiriti na kimya.
"Usipige soga juu ya sahani iliyo wazi,
mate yako yana wakazi wake."
Wiki ya tatu niliua chupa kumi na mbili.
Jioni niliziacha nyekundu, safi;
asubuhi zote njano, zina utando, zanuka togwa la juzi.
Hakunifokea. Alinisogezea ndoo ya dawa.
"Sote tumeua," alisema. "Andika tarehe."
Nikaandika.

Sasa naitazama seli moja.
Imejiviringa, imeachia sakafu ya sahani,
urithi wake umejikunja vijiti vijiti,
wang'aa kijani kwa rangi tuliyoutia.
Nyuzi zatoka ncha mbili, zapapasa gizani, zashika.
Vijiti arobaini na vitano vimeshikwa, vimepanga mstari.
Kimoja kipo pembeni,
kinahangaika kama mtoto aliyekosa mkono wa kushika.

Na seli inangoja.

Hii ndiyo kazi niliyoijia, miaka minne, koti la kuazima:
kujua ni nani anayeiambia ingoje.
Kila dakika tatu, picha.
Dakika ishirini. Arobaini. Saa nzima.
Kila kitu kipo tayari, na haigawi.

Simu inatetemeka mfukoni. Muheza ni alfajiri.
Shekue, kaka yangu:
"Dada, shamba la baba tumeshagawana.
Kikao kilikuwa jana, mwenyekiti wa kitongoji kashuhudia,
mipaka tumepanda minyaa.
Wewe uko mbali, tukaona tusikusumbue."

Tusikusumbue.

Ile safu ya michungwa iliyo karibu na kisima
niliimwagilia mimi, kwa kopo la mafuta ya kupikia,
kiangazi kizima, nikiwa darasa la tano.
Naandika jibu. Nafuta.
Naandika "Hongereni." Nafuta.

Kwenye kioo, uzi mmoja umekigusa kile kijiti.
Umeteleza. Umerudi.
Umeshika.
Kinavutwa polepole mpaka mstarini, kati ya wenzake,
na papo hapo, bila hakimu, bila minyaa,
vyote vinapasuka pacha, nusu huku, nusu kule,
na mimi nimesimama bila kujua, nimepiga mguu chini,
nimesema kwa sauti, kwa Kisambaa,
neno ambalo mama asingependa nilisemee kazini.

Asubuhi Bi Elspeth anapitia picha, miwani puani.
Anafika ya mia moja na saba: ukungu mtupu.
"Hapa nani alikanyaga?"
"Mimi."
"Ilikuwa inagawanyika?"
"Ilikuwa inagawanyika."
Anakaa kidogo.
"Andika," anasema, "picha moja imeharibika, na sababu."

Saa nne wanakuja wanafunzi wa mwaka wa kwanza,
kalamu mpya, makoti yana mikunjo ya dukani.
Mmoja, Fergus, ananiuliza:
"Na kisiposhikwa kabisa?"
Namwambia zipo seli hungoja mpaka zife.
Zipo huchoka, zikagawa hivyo hivyo.
"Kile kilichoachwa huenda wapi?"
"Kokote. Lakini hakipotei.
Utakikuta mbele, ndani ya ugonjwa."

Chumba cha chai, Bi Elspeth ananipakia mkate
jemu ya machungwa, chungu kidogo, yenye maganda.
"Sifa ya mji wetu," anasema.
Nauliza machungwa yenyewe huota wapi.
"Kwingine," anasema. "Hapa hayajawahi kuota."
Nakula. Daftari liko wazi mbele yangu.
Safu ya sababu bado tupu.